Kitu Butu Kizito

Mhalifu anayetafutwa kuliko wote nchini hana picha, hana kabila, na hajawahi kulala mahabusu hata usiku mmoja. Anaitwa Kitu Butu Kizito. Fungua jalada lolote la mauaji, utamkuta humo ametulia kwenye ukurasa wa daktari: marehemu alipigwa na kitu butu kizito. Ameua walevi, ameua wagoni, ameua walinzi wa maduka. Watu huhukumiwa kwa niaba yake, naye huendelea na shughuli zake.

Jumamosi ile asubuhi Sajenti Scholastica wa idara ya upelelezi alimkuta tena, safari hii katika jalada la marehemu Mzee Mwikwabe wa Nyanungu. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na minne ya kazi, hakuridhika naye.

Jalada lilikuwa jembamba lakini limeshiba. Jumatatu jioni Mzee Mwikwabe alipanda ngazi na rungu lake, akaivunja sahani ya intaneti ya setilaiti ambayo mwanawe Mogesi aliipenyeza kutoka mpakani Sirari na kuifunga juu ya paa. Mzee alisema hataki kuchunguliwa na mtu asiyemjua wakati anaoga. Mogesi alitazama vipande vinavyodondoka, kisha akasema mbele ya mashahidi watatu, mmoja wao mtendaji wa kijiji:

"Tata, umekipiga cha juu. Ngoja na chenyewe kije kikupige."

Jumanne, saa kumi na moja na nusu alfajiri, mzee alikutwa amekufa mlangoni mwa zizi. Mkewe, Mama Mokami, alisema ni wezi wa ng'ombe. Polisi walihesabu ng'ombe wakakuta wote wapo, mpaka ndama. Wakamkamata Mogesi. Tangu hapo Mogesi hakuwa ametamka neno, zaidi ya kuomba maji.

Jumatatu ijayo angepelekwa mahakamani kwa kosa lisilo na dhamana, ambalo mwisho wake ni kamba.

"Mashahidi watatu, tishio moja, maiti moja," alisema Koplo Godwin, dereva wa idara, ambaye alikuwa amebakiza miezi minane astaafu na aliihesabu kwa sauti kila asubuhi kama mtu anayesali rozari. "Afande, hii kesi imeshapikwa ikaiva. Sisi tunataka kuongeza kuni za nini?"

"Mwizi gani anaua mtu halafu anasahau ng'ombe?"

"Ndiyo maana si mwizi. Ni mtoto."

"Na mtoto gani anampiga baba yake utosini, wakati baba anamzidi futi nzima?"

Godwin akawasha gari.

*

Daktari Agness aliyeipasua maiti alikuwa anakunywa chai kwa kikombe chenye nembo ya kampeni ya vyandarua. Alipomwona Scholastica alijua mapumziko yake yamekwisha.

"Shikamoo dokta. Uliandika kitu butu kizito."

"Marahaba. Ulitaka niandike kitu chepesi chenye makali?"

"Kilimpiga mara ngapi?"

"Mara moja."

"Utosi umeingia ndani, bega la kulia limevunjika, mbavu tatu zimevunjika. Mara moja?"

Agness akaweka kikombe chini. "Sajenti, mimi niliulizwa amekufa kwa nini. Sikuulizwa amekufaje."

"Nakuuliza sasa."

"Kilitoka juu, kikashuka wima. Kikapita kichwani, begani, ubavuni, kikaenda zake chini."

"Labda mzee aliinama," alisema Godwin kutoka mlangoni.

"Angeinama, mgongo ndio ungepokea. Alikuwa amesimama kama nguzo." Agness akavuta droo, akatoa kichupa cha vidonge. Ndani yake mlikuwa na nyuzi nyeusi chache, ngumu, zinazong'aa. "Hizi nilizitoa kwenye kidonda. Nilidhani ni singa za mkia wa ng'ombe. Nikazichoma kwa kiberiti, maana singa hunuka zikiungua. Hizi ziligoma kuungua."

"Kwa nini hukuziandika?"

"Nimeziandika. Ukurasa wa nne." Agness akachukua tena kikombe chake. "Hakuna anayefika ukurasa wa nne."

Scholastica akakishika kichupa kwenye mwanga wa dirisha. Nyuzi kama hizo alikuwa ameziona, na alikumbuka ni wapi: kwenye kundi la WhatsApp la polisi wa mkoa, kati ya tangazo la msiba na video ya mbuzi anayecheza. Ilikuwa picha ya kipande kilichoungua, kama bati, ukingoni kimetoka nyuzi nyeusi. Kiliangukia shamba la mtu huko Mbalibali, wilaya ya Serengeti. Mtumaji aliandika, "Wataalamu tusaidieni," na wataalamu wakajibu kwa vikaragosi vya kucheka.

Akatafuta tarehe. Jumanne, alfajiri.

*

Kile kipande cha Mbalibali kilikuwa kimepelekwa kwa Mwalimu Felix, anayefundisha fizikia katika sekondari moja ya bweni kule Turwa. Walimkuta kivulini, akisimamia wanafunzi kumi na wawili waliokuwa wanafyeka nyasi kwa kosa la kucheka wakati wa sala. Walikuwa wanafyeka kwa huzuni kubwa, na mara mojamoja mmoja wao alitetemeka mabega.

"Kabla hakijaletwa kwangu kilikuwa mlango wa banda la kuku," alisema Felix walipoingia ofisini mwake, akikitoa kabatini. "Mwenye kuku analalamika mpaka leo."

Kilikuwa chepesi kama kadibodi. Scholastica akamimina nyuzi za Agness kwenye karatasi, kando ya ukingo ulioungua. Felix alizitazama kwa lenzi, kisha akamtazama yeye.

"Hizi umezitoa wapi, afande?"

"Kichwani mwa mtu."

Mwalimu akafunga mlango wa ofisi.

"Sikiliza. Siku hizi huko juu kumejaa kama mnada wa ng'ombe. Kila wiki roketi inapanda, inamwaga setilaiti makumi kwa makumi, na ganda la roketi linabaki linazunguka. Linazunguka mwaka, miaka miwili, linashuka kidogokidogo, mpaka siku moja hewa inalikamata. Sehemu kubwa inaungua. Isiyoungua inaanguka. Kwa kawaida baharini."

"Hapa hakuna bahari."

"Ndiyo tatizo letu." Akafungua kompyuta, akamwonyesha ramani ya dunia yenye mstari mwekundu. "Ganda hili lilitabiriwa kushuka Jumanne alfajiri. Njia yake ilikuwa hii, kutoka kusini kwenda kaskazini. Inapita Mbalibali hapa. Endelea nayo."

Scholastica akaendelea nayo kwa kidole. Mstari ulikata pembe ya hifadhi ukaingia Tarime. Kidole chake kilisimama Nyanungu.

"Lakini ni kilomita hamsini na kitu."

"Rusha unyoya na jiwe kwa nguvu ileile. Unyoya utaishia miguuni kwako, jiwe litafika mbali. Kilichoanguka Mbalibali ni unyoya, afande." Felix akachora duara kwenye karatasi. "Jiwe ni hili. Tangi la gesi. Mviringo, chuma kisichoyeyuka kirahisi, na nje limefungwa nyuzi kama hizo. Haya ndiyo hufika chini mazima. Kama limeanguka Nyanungu, lazima lipo Nyanungu. Nani kaliona?"

Hakuna aliyesema ameliona. Polisi sita walikuwa wamekanyaga zizi lile siku nzima, na wote walitoka na samadi tu kwenye viatu.

"Nikikuletea, utaweza kuliapia mahakamani?"

"Niletee likiwa na nyuzi zake, nami nitaapa mpaka hakimu anikataze."

Nje, wanafunzi walikuwa wamemaliza upande mmoja wa uwanja. Godwin aliwatazama akatikisa kichwa. "Wenzetu hawa wanajua adhabu yao inakwisha saa sita," alisema.

*

Walifika Nyanungu saa saba mchana. Mji wa Mzee Mwikwabe ulizungukwa na ua wa minyaa, na kaburi lake jipya lilikuwa mbele ya nyumba, mahali pa heshima, limezungushiwa mawe. Alizikwa Alhamisi. Padri alikuja, wazee wa ukoo walikuja, fahali alichinjwa, watu walilia mpaka sauti zikakauka.

Mlangoni aliketi Robi, mke wa Mogesi, na kichanga kifuani.

"Hongera, mama," alisema Godwin. "Kamezaliwa lini?"

"Jana."

"Kanaitwaje?"

"Mwikwabe."

Scholastica alikwenda kwanza zizini. Karibu na mlango, samadi ilikuwa mbichi kuliko kwingine, imesawazishwa kwa mkono. Akachukua mti, akausukuma. Uliingia bila kuzuiwa mpaka kiganja chake kikagusa chini. Palikuwa na shimo lililojazwa. Ndani yake hapakuwa na kitu.

"Kimeondolewa," alisema.

"Basi kiko Kenya saa hizi," alisema Godwin. "Mnunuzi wa chuma chakavu hakosi kunusa. Turudi, afande?"

Kutoka nyumba ya jikoni ilisikika sauti. "Mnachimba zizi langu kabla hamjanisalimu?"

Mama Mokami alikuwa ameketi kwenye kigoda, kichwa kimenyolewa kwa msiba, anasonga ugali wa muhogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kaa. Na huyo mnene mwambie akae, asinizibie mwanga."

Wakakaa. Mama Mokami akageuza ugali, mwiko ukateleza ukagonga figa chini ya chungu. Ukalia: ngaa, kama uliogonga chuma. Ukalia tena alipouinua. Godwin hakugeuka, alikuwa anautazama ugali. Scholastica akayatazama mafiga.

Mawili yalikuwa mawe ya kawaida, yamepasuka kwa moto wa miaka, masizi yameganda juu yake kama ganda la mti. La tatu lilikuwa la mviringo kabisa, mviringo ambao mto hauwezi kuuchonga hata ukipewa miaka elfu. Masizi yake yalikuwa membamba, ya siku chache. Upande mmoja lilikuwa na tundu dogo lenye uzi wa skrubu.

"Mama, figa hili umelitoa wapi?"

Mwiko ukasimama.

"Chungu kikiwa motoni hakiondolewi figa," alisema Mama Mokami. "Kuleni kwanza."

Wakala. Godwin, aliyekuwa ameanza kuelewa, alitafuna polepole sana. Walipomaliza, mama aliteremsha chungu, akasogeza kuni, akamwaga maji. Lile figa lilifuka mvuke.

"Nilikuwa natoka kukamua," alisema. "Nikasikia kama shuka inachanwa, shuka kubwa, kutoka huku mpaka kule. Halafu kishindo. Nikamkuta amelala, na hilo limejichimbia kando yake. Nililigusa. Lilikuwa vuguvugu, kama yai lililotagwa sasa hivi."

"Mogesi alikuwa wapi?"

"Alikuwa amelala. Alikuja mbio akanikuta nimelikumbatia."

"Kwa nini hamkusema?"

Mama Mokami alimtazama kama anayetazama mtoto wa mjini. "Wewe ni wa wapi?"

"Mugumu, mama."

"Basi kwenu huenda mnafanya vingine. Katika ukoo huu, aliyepigwa na kitu cha juu anazikwa palepale alipoangukia, mchana huohuo, kimya. Iwe radi, iwe nini, wazee hawaulizi. Hakuna kumlilia. Nyumba inahamwa. Na jina lake halipewi mtoto tena, linaishia hapo, kama hakuwahi kuishi." Akaonyesha mlangoni kwa kidevu. "Na Robi alikuwa anakaribia. Mume wangu alikuwa analisubiri jina lake kama mtu anayesubiri mvua."

"Kwa hiyo mkasema wezi."

"Mogesi alijaza shimo. Mimi nikavunja figa langu la zamani nikaweka hilo. Nikachoma zile nyuzi zake kwa mkaa siku mbili, hazikuungua, nikazikwangua kwa panga nikazitupa mtoni." Akapangusa mwiko. "Nilijua polisi watakuja watatafuta wezi. Mmekuwa mkitafuta wezi tangu nikiwa msichana. Sikujua kwamba safari hii mtampata mtu."

Kuku akaingia, akala kombo la ugali, akatoka.

"Mama, keshokutwa wanampeleka mahakamani. Njoo useme haya tu, mwanao arudi nyumbani."

"Nyumbani wapi, mwanangu? Nikisema, hapa si nyumbani tena." Akainuka, akatafuta gunia, akalilowesha. "Mogesi aliniapisha, mkono wangu ukiwa juu ya baba yake. Jiwe nakupa, maana umeliona mwenyewe. Mdomo sikupi."

Alilifunga mwenyewe. Walipokuwa wanatoka, Scholastica alimwona akizunguka uani ameinama, akigeuza mawe kwa mguu, anatafuta lenye kimo cha mengine mawili.

*

Njia nzima Godwin hakutaja miezi yake. Walipofika mjini saa kumi na moja, gunia lilikuwa limekauka.

Mkuu wa upelelezi alisikiliza yote bila kumkatiza Scholastica. Alikuwa mtu mwenye haki, na hilo ndilo lililotia uchungu. Scholastica alipomaliza, mkuu alisukuma karatasi tatu juu ya meza.

"Mchana Mogesi aliuliza mpelelezi wa kesi yake yuko wapi. Alipoambiwa umekwenda Nyanungu, akaomba kuonana na mlinzi wa amani, hakimu wa kuandika maungamo. Tukampeleka mahakamani, akaachwa peke yake na hakimu, mlango umefungwa. Hakuna aliyemgusa. Ametoa ungamo. Amesaini kila ukurasa."

Scholastica akasoma. Mwandiko wa hakimu ulikuwa mzuri sana.

"Lina nyuzi zile?" aliuliza mkuu, akilitazama gunia.

"Zimekwanguliwa."

"Kuna aliyeliona likianguka?"

"Mama yake alilisikia. Hatasema."

"Limekutwa wapi?"

"Jikoni, afande. Chini ya chungu."

"Sajenti," alisema mkuu kwa upole, "mimi nina mtu anayesema ameua. Wewe una figa. Ambatanisha maelezo ya mwalimu na ya daktari, yaende yote kwa mwendesha mashtaka. Waandikie na hao wa anga, Dodoma. Wakijibu, tutaona."

"Watajibu lini?"

Mkuu hakutaka kumdanganya, kwa hiyo alimsogezea gunia lake.

Mogesi aliletwa chumba cha mahojiano. Alikuwa kijana mfupi mwenye mikono ya fundi, na alipoketi miguu yake haikufika sakafuni vizuri. Scholastica akafungua gunia. Mogesi alilitazama lile tufe jeusi kwa muda.

"Hilo ni figa la mama yangu, afande. Lirudishe."

Ukiacha ungamo, ilikuwa sentensi yake ya kwanza ndefu tangu Jumanne.

"Ulimpiga baba yako kwa kitu gani?"

"Rungu."

"Rungu liko wapi?"

"Nilitupa mtoni."

"Mto gani?"

"Unataka mto gani? Taja, nitakubali."

"Mura, kijana wangu, sikiliza. Ukisimama pale ukasema ni wewe, mimi siwezi kukuokoa. Daktari hawezi. Mwalimu hawezi. Unajua adhabu yake?"

"Naijua."

"Na mtoto wako?"

Mogesi aliinua uso kwa mara ya kwanza. "Kazaliwa?"

"Jana. Wa kiume."

"Wamemwita nani?"

Scholastica alikuwa na hiari ya kutojibu. Alijibu. "Mwikwabe."

Kijana akafumba macho. Kilichopita usoni mwake kilifanana na furaha, na Scholastica, aliyewahi kuona maiti nyingi bila kugeuka, aligeukia dirisha.

"Basi," alisema Mogesi. "Nilimwambia kitu cha juu kije kimpige, afande. Watu watatu walinisikia. Kikaja. Sasa mnataka kunitoa niende wapi?"

"Hukukiita wewe. Kilikuwa kinaanguka kabla hujanunua ile sahani."

"Wewe unaamini hivyo?"

"Naweza kukuonyesha kwenye ramani."

"Muonyeshe mama." Akasimama, akamgeukia askari wa mlangoni, kisha akakumbuka kitu. "Anapikia nini sasa?"

"Nilimwacha anatafuta jiwe."

Mogesi akaitika kwa kichwa, kama mtu aliyepewa habari za shamba. Wakamrudisha.

Ilibaki kuandikisha kielelezo. Godwin alifungua daftari la stoo, akalamba kidole, akatafuta mstari mtupu baada ya mapanga mawili na baiskeli isiyo na tairi. Akajaza tarehe na kijiji. Kwenye sehemu ya mwenye mali aliuliza, na Scholastica akasema hajulikani. Kisha kalamu ikasimama.

"Na hapa, aina ya kielelezo. Niandike nini, afande? Sehemu ya roketi? Watatucheka mpaka nistaafu."

Scholastica alikuwa anakusanya karatasi za ungamo, akizipanga kingo kwa kingo.

"Kitu butu kizito."

Godwin akaanza kuandika. Alipofika neno la tatu akasita, akaweka kalamu, akalinyanyua lile tufe kutoka mezani. Lilipanda kwa mkono mmoja, bila shida, kama nusu debe la mahindi.

"Afande," alisema, "mbona hiki si kizito hivyo?"

"Andika kizito."